Umechelewa kwenye Kipande Gani?

Jioni moja wakati wa mazoezi ya kufundisha niliulizwa swali, nikalijibu vibaya. Shule niliyopangiwa ilikuwa na darasa la jioni la watahiniwa wa kujitegemea, yaani watu wazima wanaojiandaa kufanya mtihani wa kidato cha nne nje ya mfumo wa kawaida. Mimi nilipewa Hisabati. Mle darasani alikuwemo mama mmoja, umri wake ni kama wa mama yangu mzazi. Mchana anauza nyanya na vitunguu gengeni kwake, jioni anakaa dawati la mbele, daftari lake amelifunga kwenye kipande cha kanga. Siku hiyo kipindi kilipoisha wenzake wakatoka, yeye akabaki. Akaniambia, "Mwalimu, niambie ukweli mwanangu. Nimechelewa?"

Nikajibu haraka, kama tunavyojibu wote: "Hujachelewa, mama. Elimu haina mwisho."

Akacheka kidogo, akashukuru, akaenda zake. Wiki iliyofuata hakuja, na wiki iliyofuata tena hakuja. Nilipomuuliza jirani yake wa dawati, akaniambia bila kuzungusha: "Alisema mwalimu mtoto anamfariji tu."

Kusema ukweli, iliniuma. Iliniuma zaidi kwa sababu alikuwa sahihi. Sikumpa jibu, nilimpa kaulimbiu. Sisi wa elimu tuna kaulimbiu nyingi, na lugha yetu ina methali za kila upande. Ukitaka kumkatisha mtu mzima tamaa unamwambia samaki mkunje angali mbichi. Ukitaka kumtia moyo unamwambia kawia ufike. Zote mbili ni za wahenga, zote mbili zina ukweli, lakini hakuna hata moja inayomwambia yule mama afanye nini Jumatatu jioni.

Niliporudi chuoni nilikuwa natafuta mfano wa semina yetu ya elimu ya watu wazima. Nikakutana na habari za mfanyabiashara mmoja wa Misri, Omar Nour, aliyeingia kwenye mchezo wa triatloni ukubwani na kuwa mchezaji wa kulipwa. Mwanzoni nilidhani nimepata hadithi nyingine ya "usikate tamaa", zile zinazobandikwa kwenye kuta za hosteli. Nilipousoma mchezo wenyewe kwa makini, nikaona una kitu ambacho kaulimbiu hazina. Unaonyesha kwamba kuchelewa si kitu kimoja. Ndiyo somo ninalotaka tulipitie leo.

Mchezo wenye vipande vitatu

Kwa asiyeufahamu, triatloni ni mashindano ya michezo mitatu inayofuatana bila kupumzika: unaogelea, unapanda baiskeli, kisha unakimbia. Saa haisimami hata unapobadilisha viatu. Mashindano ya kwanza yaliyoitwa kwa jina hilo yalifanyika Mission Bay, San Diego, Marekani, mwaka 1974. Mwaka 1978 huko Hawaii yakaanzishwa yale marefu yanayoitwa Ironman: kuogelea kilomita 3.8, baiskeli kilomita 180, halafu mbio za marathoni kamili. Walianza watu 15, wakamaliza 12. Mwaka 2000 mchezo ukaingia kwenye Olimpiki, Sydney, kwa umbali mfupi zaidi: kuogelea kilomita 1.5, baiskeli kilomita 40, kukimbia kilomita 10.

Nour alilenga huo umbali wa Olimpiki, akiiwakilisha Misri. Sasa tujiulize kama walimu: mtu aliyetumia miaka yake ya ujana kwenye biashara, akija kuanza mchezo huu wakati wenzake wameogelea tangu wako shule ya msingi, amechelewa au hajachelewa?

Ukijibu "hajachelewa", unadanganya. Ukijibu "amechelewa", unadanganya pia. Jibu lipo kwenye vipande, kwa hiyo tuvichukue kimoja kimoja.

Kipande cha kwanza: maji

Kwenye maji amechelewa, tena sana, na sababu yake si nguvu.

Maji ni mazito kuliko hewa takriban mara 800. Ndani ya maji, mtu mwenye misuli mikubwa asiyejua kulaza mwili wake ni kama anaburuta kabati. Miguu inazama, kichwa kinanyanyuka, kila mkono anaopiga unapigana na mwili wake mwenyewe. Mwenye mbinu, hata awe mwembamba kama kijiti, anateleza. Mbinu hiyo inajengwa kwa kurudia maelfu kwa maelfu ya mara, na wanaoshinda duniani waliianza wakiwa watoto, wakati mwili bado unajifunza bila kuogopa.

Hili nalijua kwa mwili wangu. Mimi ni mtu wa bara. Mwaka wa kwanza nilijaribu kujifunza kuogelea pamoja na wenzangu wawili, mmoja amekulia pwani. Yule wa pwani hakuwa na nguvu kunishinda, tulikuwa tukicheza mpira namkimbiza vizuri tu. Lakini kwenye maji alikuwa anapiga stori huku anaelea, mimi nimeshika ukingo wa bwawa kama nimeshika rehani ya maisha. Mwili wangu ulikuwa unafikiri sana. Wa kwake ulishaacha kufikiri zamani.

Misri yenyewe si nchi isiyojua maji. Ni nchi ya Abdellatif Abouheif, mtu wa Alexandria, mmoja wa waogeleaji wakubwa wa masafa marefu waliowahi kutokea duniani, aliyevuka mlango wa bahari kati ya Ufaransa na Uingereza miaka ya 1950. Lakini uogeleaji haurithiwi kupitia pasipoti. Nour alipaswa kuujenga mwenyewe, mkono mmoja baada ya mwingine, akiwa mtu mzima.

Kipande cha pili: baiskeli

Hapa ndipo mchezo unapokuwa mkali, kwa sababu kipande cha kwanza kinakuja kudai deni lake kwenye kipande cha pili.

Kwenye mashindano ya umbali wa Olimpiki, wachezaji wakubwa wanaruhusiwa kupanda baiskeli kwa kundi, mmoja nyuma ya mwenzake. Ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 40 kwa saa, kazi kubwa unayofanya ni kupasua hewa. Aliye nyuma ya mwenzake anakingwa na upepo, anaokoa robo ya nguvu zake au hata zaidi. Sasa fikiria umetoka majini dakika moja nyuma ya kundi la mbele. Wao ni watu kumi wanaopokezana upepo, wewe uko peke yako. Hata kama kwa miguu una nguvu kuliko kila mmoja wao, huwezi kuwashinda wote kumi kwa pamoja. Dakika moja ya majini inakuwa dakika mbili barabarani.

Mfano ulio wazi ni Olimpiki ya Rio mwaka 2016. Richard Murray wa Afrika Kusini, Mwafrika mwenzetu, alikimbia zile kilomita 10 za mwisho kwa kasi kuliko mtu yeyote siku ile. Pamoja na hayo alimaliza wa nne, bila medali. Kundi la mbele lilikatika mapema, baada ya kuogelea, naye hakuwemo. Medali ya shaba ilikwenda kwa Mwafrika Kusini mwenzake, Henri Schoeman, muogeleaji hodari, aliyekuwa kwenye kundi hilo. Mtu mwenye mbio kuliko wote anakosa medali kwa sababu ya kitu kilichotokea majini zaidi ya saa moja kabla.

Walimu wenzangu, hapa tuandike pembeni mwa daftari. Kuna maeneo ya kujifunza ambayo udhaifu wake unakaa palepale: usipojua mada moja ya Historia, unakosa swali hilo tu, mengine unaendelea. Halafu kuna maeneo ambayo udhaifu wake unakufuata kila uendako. Asiyejua sehemu hataweza asilimia, asiyeweza asilimia hataweza riba, na mtu huyo huyo atakaa mbele yako akisema "mimi hesabu sina kichwa", wakati tatizo lake liko kwenye maji ya darasa la nne.

Kipande cha tatu: mbio na pumzi

Huku habari ni tofauti kabisa. Kwenye pumzi na ustahimilivu, mtu wa miaka 30 hajachelewa.

Ni kweli kwamba uwezo wa mwili kutumia oksijeni unapungua kadiri umri unavyokwenda, takriban asilimia 10 kwa kila miaka kumi baada ya 30. Lakini hesabu hiyo ni ya mtu anayekaa tu. Anayefanya mazoezi kwa bidii hupungua polepole zaidi. Tena, kadiri safari inavyokuwa ndefu ndivyo ubora unavyochelewa kufika: mashindano ya marathoni yamejaa mabingwa waliovuka 30. Eliud Kipchoge wa Kenya alivunja rekodi ya dunia Berlin mwaka 2022, saa 2:01:09, akiwa na miaka 37. Hakuanza ukubwani, hilo nalijua. Ninachosema ni kwamba injini ya masafa marefu haifungwi ukitimiza 25.

Ila pana mtego ambao aliyechelewa lazima aujue. Mwili haukui kwa mwendo mmoja. Moyo na mapafu yanaanza kuitikia mazoezi ndani ya wiki chache. Kano zinazoshikanisha misuli na mifupa, pamoja na mifupa yenyewe, zinahitaji miezi. Kwa hiyo mtu mzima mwenye hamasa anafika mahali pumzi inamwambia "twende", na kifundo cha mguu hakijawa tayari. Ndiyo maana wengi wanaoanza ukubwani wanaumia mapema, si kwa uvivu bali kwa haraka ya kufidia.

Sisi darasani tunayo hiyo hiyo. Mtu mzima anaelewa haraka, pengine haraka kuliko kijana, kwa sababu ameyaona maisha. Ukimweleza faida na hasara, yeye kaziishi. Lakini mazoea ya kusoma, kukaa saa mbili na daftari, kuandika insha kwa muda uliopangwa, hayo ndiyo kano zake. Uelewa wake unakimbia mbele, mazoea yanabaki nyuma, na siku anaposhindwa jaribio la kwanza anadhani akili imegoma. Akili haijagoma. Kano hazijakomaa.

Kipande kisichoandikwa kwenye ratiba

Kuna kipande cha nne ambacho hakitangazwi. Mchezaji wa triatloni wa kulipwa hapati mshahara wa mwisho wa mwezi. Anaishi kwa wadhamini na zawadi. Ili aende Olimpiki anatakiwa kukusanya pointi kwenye mashindano ya nchi mbalimbali kwa muda wa miaka miwili hivi, na kwenye mstari wa kuanzia Olimpiki kuna nafasi takriban 55 tu kwa wanaume wa dunia nzima. Tiketi za ndege, usafirishaji wa baiskeli, kocha, chakula, vyote vinataka fedha na mpangilio.

Kwenye kipande hiki mfanyabiashara yuko mbele ya kijana wa miaka 19. Anajua kupanga bajeti. Anajua kuingia ofisi ya mtu na kumshawishi kwamba wazo lake linafaa kuwekewa pesa. Anajua kukataliwa Jumatatu na kupiga simu nyingine Jumanne. Miaka ile ambayo tungeiita ya kupotea ilikuwa inamfundisha kitu.

Malcolm Knowles, mwanazuoni wa Marekani ambaye sote tumekariri jina lake kwa ajili ya mtihani, alisisitiza jambo hili: mtu mzima haji darasani mtupu. Anakuja na uzoefu, anataka kujua kwa nini anajifunza kitu kabla ya kujifunza, na anataka kuongoza safari yake mwenyewe. Nilikuwa nikiyaandika hayo kwenye karatasi ya majibu bila kuyaamini. Nilipoyaona kwenye mchezo nikayaelewa. Uzoefu si pambo la kumsifia mtu mzima ili ajisikie vizuri. Ni kipande cha mashindano, na kwenye kipande hicho anaweza kuwa anaongoza.

Je, alifika?

Wengi mtataka kujua mwisho wake. Omar Nour hakufika Olimpiki. Aligombea kwenye mashindano ya kimataifa akiwa na jezi ya Misri, akawa mchezaji wa kulipwa kweli, lakini London 2012 ilipita, Rio 2016 ikapita, yeye hayumo.

Semina yetu iligawanyika hapa. Jamaa mmoja wa nyuma akasema, "Sasa si umethibitisha mwenyewe kwamba alichelewa?" Darasa likacheka. Nikakosa la kusema kwa muda. Baadaye nikaona kwamba swali lake lilikuwa zuri, tatizo ni kipimo alichoshika. Kama kipimo ni medali, basi karibu kila aliyeanza mapema naye alichelewa, maana wanaoanza wakiwa na miaka minane ni wengi mno na medali kwenye kila mashindano ni tatu.

Hebu tuwaangalie wengine wawili wa mchezo huo huo. Chrissie Wellington wa Uingereza alikuwa mtumishi wa serikali, akafanya pia kazi za maendeleo huko Nepal. Mwaka 2006 akashinda mashindano ya dunia ya wachezaji wa ridhaa, Lausanne. Mwaka 2007, akiwa na miaka 30, akaacha kazi na kuwa wa kulipwa. Oktoba mwaka huo huo akaenda Hawaii kwa mara ya kwanza kabisa, akashinda ubingwa wa dunia wa Ironman. Akaurudia 2008, 2009 na 2011. Huyo alichelewa kuanza lakini alichagua umbali mrefu, ambao ustahimilivu unalipa zaidi na dakika moja ya majini haiamui kila kitu, kwa sababu huko hairuhusiwi kujikinga na upepo nyuma ya baiskeli ya mwenzako.

Wa pili ni Madonna Buder, sista wa Kikatoliki wa Marekani. Alianza kukimbia akiwa na miaka karibu 50, akafanya triatloni yake ya kwanza akiwa na 52, na mwaka 2012 akamaliza Ironman akiwa na miaka 82. Hakuwa anamkimbiza mtu. Kila alipozidi umri, waandaaji walilazimika kufungua kundi jipya la umri kwa ajili yake.

Watu watatu, wote wamechelewa, matokeo matatu. Mmoja akawa bingwa wa dunia. Mmoja akaendelea hadi uzeeni. Mmoja, Nour, akawa mchezaji wa kulipwa asiyefika Olimpiki. Ukiwaambia wote "hujachelewa", hujamsaidia yeyote kati yao kuchagua njia.

Na Nour hakuishia hapo. Desemba 2017 yeye na rafiki yake Omar Samra, Mmisri wa kwanza kufika kilele cha Everest, waliingia kwenye mashindano ya kuvuka Bahari ya Atlantiki kwa kupiga makasia, kutoka kisiwa cha La Gomera hadi Antigua, karibu kilomita 5,000. Siku chache baada ya kuanza, dhoruba ikaupindua mtumbwi wao. Wakajiokoa kwenye boya la kujaza upepo hadi meli ya mizigo ilipowaokota. Kisa chao kilitengenezewa filamu, *Beyond the Raging Sea*, na kikatumiwa kuwakumbusha watu habari za wakimbizi wanaovuka bahari bila kuchagua, bila boya, na bila meli ya kuwaokota.

Sisemi kwamba dhoruba ile ni mafanikio. Walishindwa kuvuka, basi. Ila naona mtu aliyeingia kwenye maji ukubwani, kipande ambacho ndicho alichochelewa kuliko vyote, na miaka kadhaa baadaye bado yuko majini, tena baharini. Hakusubiri awe mzuri kwenye kipande hicho ndipo akipende.

Rudi darasani

Wiki moja kabla ya mazoezi ya kufundisha kwisha, semina ilikuwa bado mbele, lakini aibu nilikuwa nayo tayari. Nilimtuma jirani yake wa dawati amwambie yule mama kwamba mwalimu anaomba dakika kumi tu. Alhamisi akaja, na kanga yake na daftari. Nikamwambia, "Mama, nisamehe. Uliniuliza ukweli, nikakupa maneno matamu."

Tukakaa. Wakati ule sikuwa nimeujua mfano wa vipande vitatu, nilijua tu kwamba nahitaji kuacha kumfariji. Nikachora jedwali la masomo yake saba. Kiswahili: hajachelewa, anaandika barua vizuri kuliko nusu ya vijana wangu wa mchana. Uraia na Biolojia: yuko katikati, anahitaji msamiati. Kiingereza: amechelewa, na miaka miwili ya kusoma kidogo kila siku inaweza kumfikisha. Hisabati: amechelewa sana, na nikamwonyesha palepale ulipoanza ufa. Ilikuwa kwenye sehemu. Nikamuuliza, "Ukinunua tenga la nyanya, robo ikaoza, iliyobaki unapiga bei gani ili usile hasara?" Akajibu kabla sijamaliza kuliandika. Nikamwambia, "Hiyo ndiyo sehemu, mama. Unaijua kwa mdomo, hujaijua kwa kalamu."

Akalitazama jedwali muda mrefu. Sikutegemea alichosema: "Kumbe siyo yote." Akalikunja, akalitia ndani ya kanga.

Sijui mtihani utakwendaje, na sitaki kumalizia makala kwa kumfanya ashinde ili tupige makofi. Jirani yake aliniandikia juzi kwamba anahudhuria. Kwa sasa hilo linanitosha.

Zoezi kwa msomaji

Hapa chuoni nasikia swali lile lile kila semista. Kaka aliyekuja na diploma baada ya miaka minane kazini, anakaa na watoto wa mwaka wa kwanza anajiona babu. Dada aliyedisko mwaka juzi na amerudi kuanza upya. Mwenzangu wa mwaka wa tatu anayeamini kwamba kwa sababu hakugusa kompyuta hadi alipofika hapa, basi mambo ya programu si ya kwake. Wengine wetu tuna miaka 22 na tayari tunaongea kama wastaafu.

Basi kabla hujajiambia umechelewa, na kabla hujamwambia mwenzako hajachelewa, chukua karatasi ufanye mambo manne.

Kwanza, gawa unachokitaka katika vipande. "Kuwa mwalimu mzuri" si kipande. "Kuandaa somo", "kutawala darasa", "kuandika ubaoni kwa mwandiko unaosomeka", hivyo ni vipande.

Pili, kwa kila kipande andika ukweli: niko mbele, niko katikati, nimechelewa. Usijionee huruma wala usijionee gere. Kama umri umekupa kitu, kiandike. Uzoefu wa kuuza duka ni kipande.

Tatu, tafuta kipande ambacho udhaifu wake unavifuata vingine, kama maji yanavyofuata baiskeli. Hicho ndicho cha kuanza nacho, hata kama ndicho unachokichukia. Wengi wetu tunafanya kinyume: tunazidisha mazoezi ya kile tunachokiweza kwa sababu kinatupa raha.

Nne, chagua umbali wako. Wellington hakushinda kwa kukana kwamba ameanza ukubwani. Alishinda kwenye umbali ambao kuanza ukubwani hakumgharimu sana. Kwenye masomo pia kuna umbali mfupi na mrefu, kuna wa kushindana na wa kumaliza.

Na kwa wenzangu wa elimu, tutakaokuwa na darasa la kwetu mwakani: siku mtu mzima akibaki nyuma baada ya kipindi na kukuuliza kama amechelewa, usimjibu ukiwa umesimama mlangoni na begi begani. Vuta kiti. Mwombe daftari lake. Anza kuchora jedwali.